Harufu Hukaa Ndani ya Sponji

Kisu cha kukatia sponji kilizama katikati ya godoro hadi mpini. Nyundo akakivuta kuelekea miguuni kwa mkupuo mmoja, na kitambaa kikachanika kwa mlio mrefu uliomfanya mkewe ajibanze ukutani kana kwamba ni ngozi yake iliyopasuliwa.

"Kipo humu," Nyundo alihema. "Panya, mjusi, sijui nini, lakini kipo humu. Leo nakitoa!"

"Mume wangu, hamna kitu humo. Tafadhali."

"Hamna kitu? Basi nanuka mimi?"

Hakungoja jibu. Aliingiza mikono yote miwili kwenye jeraha la godoro, akaanza kunyofoa. Mapande ya sponji yaliruka, yakagonga dari, yakatua juu ya kabati, juu ya viatu, juu ya cherehani iliyokuwa karibu na dirisha. Godoro hilo alilitengeneza kwa mikono yake juma la harusi. Usiku wa kwanza alimlaza mkewe juu yake, akamnong'oneza kwa fahari ya fundi: "Humu sikuweka kipande hata kimoja cha masalio. Sponji nzima, kwa mwanamke mzima." Mke alicheka mpaka machozi yakamtoka. Sasa alikuwa akiitazama ile sponji nzima ikigeuzwa makapi, na machozi hayakutoka.

Mtaa mzima ulimwita mwanamume huyo Nyundo kwa sababu tangu alfajiri hadi machweo karakana yake ya makochi, iliyokuwa mbele ya nyumba, haikukaukiwa na mlio wa misumari. Mkewe, aliyeshona vitambaa vya makochi hayo, alipoolewa tu akabatizwa jina la Sindano. Siku ya harusi mgeni mmoja mcheshi alisimama akauliza: "Nyundo hugonga, sindano huchoma. Jamani, nyumba hii italala saa ngapi?" Watu wakaangua kicheko, na maharusi wakatazamana chini ya kope kwa namna iliyowafanya wazee wageuze nyuso.

Hawakuwa wakitazamana hivyo tena. Tangu hedhi yake ya mwisho ilipokwisha, Sindano alikuwa akilala akiuelekea ukuta, miguu ameibana, shuka ameizungusha kiunoni kama bandeji. Mumewe akimgusa bega, alisema amechoka. Akimgusa tena, alisema kichwa. Hakuweza kusema ukweli, kwa maana ukweli wenyewe ulikuwa ukimtangulia mlangoni: harufu nzito ya kitu kilichooza, iliyotoka pale ambapo mwanamke hapendi hata kupataja. Alinawa kwa sabuni ya kufulia, haikukoma. Alinawa kwa siki, kwa ndimu, kwa dawa ya kuoshea sakafu iliyomuunguza hadi akauma taulo. Harufu ikazidi. Jana yake alikuwa ameanza kutetemeka kwa baridi mchana wa jua kali.

Nyundo naye hakujua kitu kingine cha kufanya na harufu isipokuwa kile alichofundishwa na kazi. Mteja akileta kochi linalonuka, akidai amelipulizia manukato na kulifua kitambaa mara kadha wa kadha, fundi alikuwa akicheka tu. "Harufu haikai kwenye kitambaa, bwana," angesema akichukua kisu. "Harufu hukaa ndani ya sponji. Tufungue." Daima alikuta kitu ndani. Safari hii alifika kwenye mbao za kitanda, na hakukuta kitu.

Alisimama katikati ya makapi, jasho likimchuruzika, akamgeukia mkewe polepole.

Mlango ulisukumwa. Mavyaa aliingia, khanga ameifunga kifuani, akatazama sakafu, kisha kitanda, kisha mkwewe.

"Unachinja godoro la watu bure, mwanangu," alisema. "Godoro halina kosa."

"Mama, tuache kidogo."

"Niwaache na nini? Nyumba nzima inanuka, mie nalala humu humu. Mimi mwanamke mwenzake, najua. Mwanamke akinuka namna hiyo, chungu kina wapishi wawili."

Sindano alihisi maneno yale yakimshukia kama maji ya moto.

"Mama! Mimi? Mimi nina mtu?"

"Muuza vitambaa," alisema mavyaa, akihesabu hoja zake kwa vidole kama anayekumbusha jambo lijulikanalo. "Akija, nani anakunjua majora naye? Nani anacheka naye? Mwanangu akigongelea misumari huko mbele, nyie mnapima nini huku nyuma?"

"Tunapima vitambaa vya makochi ya mwanao!"

"Usinipandishie sauti."

"Basi usinivue nguo mbele ya mume wangu!"

Nyundo alipaza sauti yake juu ya zao. "Ndiyo maana hutaki nikuguse?" Alikuwa amemfikia. "Sema. Majuma matatu unanigeuzia mgongo kama mie mdudu. Ndiyo maana?"

"Naumwa, mume wangu. Naona haya kukwambia, lakini naumwa."

"Unaumwa ugonjwa wa nani?"

Alikuwa na jibu, nalo lilikuwa limefika kooni. Halikupata njia. Mkono wa Nyundo, ule uliozoea kuzamisha msumari wa inchi tatu kwa mapigo mawili, ulimshukia shavuni. Ukuta ukampokea kichwa. Kwa kitambo hakusikia kitu ila uvumi kama wa nyuki ndani ya sikio la kushoto.

Mumewe alionekana kushtushwa na mkono wake mwenyewe, na kwa kuwa hakujua afanye nini na mshtuko huo, akautafutia mahali pengine pa kwenda. Aliipiga cherehani teke. Ikaanguka na meza yake, mguu wa meza ukavunjika, gurudumu likaendelea kuzunguka hewani likilia kiii, kiii, kama mnyama aliyeangushwa ubavu.

Hapo ndipo Sindano alipouokota mkasi mkubwa wa kukatia jora.

"Sogea tena," alisema. Sauti ilikuwa yake lakini hakuitambua. "Sogea tena uone. Nitakuchana kama ulivyolichana godoro."

"Uuuwi! Anamuua mwanangu!" mavyaa alipiga ukemi.

"Weka chini huo mkasi," Nyundo alisema.

"Njoo uuweke wewe."

Aliujia. Mkasi ukapita mbele ya kifua chake, ukakata shati, ukaacha mstari mwembamba ambao baadaye ulianza kutoa vitone vyekundu. Nyundo alimkamata kifundo cha mkono, wakavutana, wakajikwaa kwenye sponji, wakaanguka pamoja juu ya mbao tupu za kitanda walimowahi kuwa wamoja, yeye akimuuma bega, mume akimbana koo kwa kiganja.

Aliyewaachanisha ni wifi yake Sindano, dada mdogo wa Nyundo, msusi aliyekuwa akisuka wateja kibarazani. Aliingia na chanuo mkononi, nywele za bandia zikining'inia shingoni, akanyakua kigoda akampiga nacho kaka yake kisogoni.

"Toa mkono! Toa mkono, hayawani wewe, au nikupige tena!"

Nyundo alijiviringisha pembeni akishika kichwa. Wifi akamwinamia Sindano, akamshika paji la uso ili kumnyanyua, na papo hapo akauondoa mkono.

"Mungu wangu. Huyu anaungua." Akawageukia wawili wale. "Mmekaa mnapigana na mgonjwa? Mtu ana moto hivi, nyie mnamtafutia wapishi?"

Mkasi ulimtoka Sindano vidoleni, ukalia sakafuni, na giza likamfunika.

*

Zahanati ilikuwa mtaa wa pili. Alipozinduka, sindano ya dripu ilikuwa mkononi, pazia la bluu limevutwa, na muuguzi mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba alikuwa akivaa glavu bila haraka.

"Majina tuyaache," muuguzi alisema. "Niambie kinachokusumbua."

Sindano aligeuza uso.

"Basi nianze mimi," muuguzi aliendelea, akivuta kigoda. "Unanuka. Umelijua hilo kabla yangu, na ninavyokuona, umelipigania peke yako mpaka silaha zikaisha. Sitakucheka. Humu ndani nimenusa mengi, na bado nakula chakula cha mchana nikishiba. Unajisafishaje?"

Nje ya pazia wifi alikohoa. "Wifi, sema. Mie nimeziba masikio."

"Umeziba na nini, na mikono yote ninaiona chini ya pazia?" Sindano alisema, na akajishangaa kuwa bado ana utani.

Akaeleza. Mavyaa alimweka chini mara tu alipoolewa, akamwambia kuwa mwanamke husafishwa mpaka ndani, hasa hedhi ikiisha, na kwamba kidole peke yake ni kazi ya wavivu. Sindano hakutaka kuwa mvivu. Karakanani masalio ya sponji yalijaa magunia. Alikata kipande chembamba, akakichovya kwenye maji ya sabuni na siki, akakitumia kwa ndani, akakivuta. Kila mwezi kipande kipya, kwa ajili ya usafi. Mwezi huu kilipotoka alikiona kifupi kidogo, akadhani alikikata hivyo. Mkono uliopima vitambaa maisha yake yote haukukipima kipande kile.

Muuguzi alivuta taa karibu. "Panua miguu, mama. Pumua."

Maumivu yalikuwa mafupi. Kisha harufu ikajaa chumbani kama mtu aliyeingia bila hodi, na huko nje wifi akasema, "Salaale!" Muuguzi hakukunja hata pua. Aliinua koleo mbele ya taa. Kilichoning'inia pale kilikuwa kidogo, cheusi kando, lakini katikati rangi ya kijani bado ilisomeka.

"Karibu duniani," muuguzi alikiambia.

Sindano alicheka. Kicheko kikageuka kilio katikati yake, na wifi akapenya pazia akamkumbatia kichwa, nywele za bandia zikamfunika uso.

"Nilidhani nimeoza," alilia. "Wifi, nilidhani mimi mwenyewe ndiye nimeoza."

"Umeoza wapi? Kilichooza ni hicho." Muuguzi alikitia kwenye kichupa cha plastiki. "Na kimekuanzishia maambukizi. Ungekaa siku chache zaidi, sumu ingeingia kwenye damu, na leo tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Daktari ameandika dawa. Utazimaliza zote, hata ukijiona mzima, na leo utalala hapa hadi kesho nikutazame tena. Sasa nisikilize, nawe wifi usizibe masikio. Uke hujisafisha wenyewe. Una vijidudu vyema vinavyoulinda, kama wenye nyumba. Ukimwaga sabuni, siki, ndimu, unawafukuza wenye nyumba, na nyumba tupu huvamiwa. Ndipo inapokuja ile harufu kama ya samaki, hasa baada ya hedhi au baada ya kulala na mume. Wanawake wengi sana huipata. Hutibika kwa vidonge."

"Kwa hiyo si lazima uwe na mtu nje?" wifi aliuliza, na macho yake yalikuwa kwa Sindano.

"Nani kasema? Mtawa anaweza kuipata. Ukiona uchafu mzito mweupe kama maziwa yaliyoganda, na muwasho wa kutia wazimu, hiyo ni fangasi, na mara nyingi hainuki. Ukiona wa kijani au wa manjano wenye povu, hapo inawezekana ni ugonjwa wa kuambukizana kitandani, uje na mume, mtibiwe wote. Mimi mwenyewe siwezi kutofautisha kwa pua. Napima. Sasa hao wa nyumbani wamepima kwa kipimo gani?"

"Na usafi tuufanyeje?"

"Maji safi, kwa nje tu. Chupi ya pamba, kavu. Mbele kuelekea nyuma ukijifuta. Basi. Na kila mwanamke ana harufu yake ya kuzaliwa nayo, si ya maua. Anayetaka maua aende bustanini."

Wifi alicheka. Muuguzi hakucheka, alikuwa ameshika kidevu cha Sindano, akiugeuza uso wake kwenye taa, ambapo alama za vidole vinne zilikuwa zimevimba.

"Na hii? Nayo ni sponji?"

Sindano aliyafumba macho.

"Hii sina kidonge chake," muuguzi alisema taratibu, akauachia uso.

Jioni Nyundo alikuja. Sindano alimsikia mlangoni akiomba, na wifi akimjibu kwamba wagonjwa wanapumzika na wapiganaji warudi kwao. Kupitia dirishani alimwona ameketi kwenye benchi la uani, kisogo chenye kitambaa cha bandeji, mabega yameanguka. Moyo wake, ambao aliuamuru usimame, ulimwendea. Aliyapenda mabega yale. Mkono wake ukapanda wenyewe kushika shavu, na moyo ukarudi.

*

Sindano aliporuhusiwa asubuhi iliyofuata, yeye na wifi walimkuta mavyaa karakanani akichambua uzi usiohitaji kuchambuliwa. Nyundo alikuwa chini, ameuegemeza gotini mguu uliovunjika wa meza ya cherehani. Alisimama haraka.

"Mke wangu."

"Fundi," Sindano alisema, akaweka kichupa juu ya kiti kisichomalizika. "Itazame kazi yako."

Alikiinua kwenye mwanga. Jicho la fundi lilitambua kabla moyo haujatambua. "Hii ni ile ya kijani. Ngumu. Masalio ya makochi ya yule mwalimu." Akakunja uso. "Imetoka wapi?"

"Si wewe unayesema harufu hukaa ndani ya sponji? Hukukosea. Ulifungua godoro silo."

Nyundo alikigeuza kichupa mara moja, kisha akakirudisha juu ya kiti. Alikuwa ameelewa.

"Ilikatikia ndani," wifi aliongeza bila huruma. "Nusura imuue. Wapishi wawili walikuwa sabuni na siki."

"Nani alimwambia aingize matakataka?" mavyaa alisema, lakini sauti haikuwa na miguu.

"Wewe, mama," Sindano alimjibu, na ilikuwa mara ya kwanza kumtazama mkwewe bila kuinamisha macho. "Ulisema kidole ni kazi ya wavivu. Nami nilitaka mwanao apate mke safi."

Mavyaa aliushika uzi kwa mikono yote miwili. "Mimi nami nilifundishwa hivyo," alisema mwishowe. "Nami nilinuka. Baba yenu akahamia chumba cha uani, hakurudi mpaka anakufa. Mama yake alisema nina mtu." "Sikuwa na mtu."

Aliinuka, akaingia ndani, na wakamsikia akiokota mapande ya sponji sakafuni, moja moja.

Nyundo alipiga magoti palepale kwenye vumbi la mbao. "Nisamehe. Hasira zilinipanda, mkono ukanitoka."

"Mkono haukukutoka. Ninauona, uko palepale ulipokuwa."

"Nikate, basi. Mkasi ule pale."

"Nilikwisha kukukata, na sikupona." Sauti yake ililegea. Alimtazama mume wake, kope zenye vumbi, shati lililochanika kifuani, na alitamani kuweka kiganja pale alipomjeruhi. "Nilikuwa nikilala ukutani nikikulilia, nawe uko ubavuni. Ungeniuliza tu. Ungesema, mke wangu, unanuka, una nini? Ningekufa kwa aibu, kisha ningekwambia."

"Nitakuuliza. Kuanzia leo nitakuuliza kila kitu. Tazama, naitengeneza cherehani yako. Hata kitako hukai, itakuwa imesimama." Kwa pupa ya mtu aliyeona mlango uko wazi, aliushika mguu wa meza, akaweka msumari, akanyanyua nyundo.

Ta!

Sindano alikuwa amejikunja. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeufunika uso, wa kulia umeshika hewa ukitafuta mkasi, mgongo umegonga mlango. Halikuwa jambo alilolifikiri. Mwili ulilifanya peke yake.

Nyundo aliona. Alibaki na chuma kimeinuliwa, akitazama vidole vya mkewe juu ya alama za vidole vyake. Akakishusha chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, asitoe mlio.

Sindano alijinyoosha, akaifunga khanga yake upya. "Wifi, nisaidie kuibeba cherehani. Ninakwenda kwa shangazi."

"Mke wangu, utarudi?"

Alifika kizingitini kabla ya kujibu. "Harufu imetoka. Hii bado," alisema akigusa shavu. "Siku moja nitapita hapa nje. Ukigonga msumari nami nisishtuke, nitaingia mwenyewe, bila kuitwa."

Waliibeba ile mashine, mmoja huku mmoja kule, gurudumu likizunguka taratibu kwa mwendo wao. Mtaa uliozoea kuamshwa na karakana ile ulianza kutoa vichwa madirishani. Wakapita kwa muuza mkaa, wakapita kisimani, wakakata kona ya kwa shangazi, Sindano akitega sikio njia nzima. Nyuma yao hapakusikika pigo hata moja.